Uso Usioonekana Kwenye Kava

Mwaka 1966 kampuni ya Motown ya Detroit ilitoa albamu ya ndugu watatu waliotokea Cincinnati: O'Kelly, Rudolph na Ronald Isley. Albamu iliitwa This Old Heart of Mine. Anayelishika kava lake kwa mara ya kwanza huligeuza kuwatafuta waimbaji, maana mbele kuna mvulana na msichana wa Kizungu, wako ufukweni, wamezama katika mapenzi yao. Akina Isley ni Weusi. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa nafasi mbele ya albamu yake mwenyewe.

Mchapaji hakukosea. Na mwenye kampuni hakuwa Mzungu aliyewadharau wasanii wake. Alikuwa Berry Gordy, Mweusi mwenzao, mzaliwa wa Detroit. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1994 alilitaja kava hili waziwazi, akaeleza sababu: enzi zile kulikuwa na maduka ya Wazungu, hasa kusini mwa Marekani, ambayo yasingeweka rafuni santuri yenye sura ya Mtu Mweusi.

Ili kuona ukaidi huo wa wenye maduka ulikotoka, inafaa kukumbuka kwamba santuri haikuzaliwa na kava. Zama za sahani za mizunguko 78 kwa dakika, zilizobeba dakika tatu nne kila upande, kazi ndefu iligawanywa katika sahani kadhaa zikafungwa pamoja kama kitabu cha kuwekea picha. Ndiyo maana mpaka leo tunasema albamu, hata kama hakuna kinachofunguliwa. Majalada yalikuwa ya rangi ya udongo au kijivu, jina limechapwa mgongoni, basi. Mwaka 1939 kampuni ya Columbia ilimwajiri kijana mchoraji, Alex Steinweiss, na mwaka uliofuata akawashawishi wakubwa wake wamruhusu kuchora jalada la mbele kama bango la barabarani. Santuri ndefu ilipoingia sokoni mwaka 1948, ilikuja na karatasi ngumu ya karibu sentimita 30 kila upande. Muziki ukawa umepata sura.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu redio haina uso. Kijana wa Kizungu wa Alabama aliweza kumpenda mwimbaji usiku kucha chini ya shuka bila mzazi wake kujua anampenda nani. Dukani mambo yalikuwa mengine. Wafanyabiashara walishazoea kuwagawa wasikilizaji kwa rangi: hadi mwaka 1949 jarida la Billboard lilikuwa na chati iliyoitwa waziwazi ya santuri za "race", yaani za Weusi, kabla ya kubadilishwa jina kuwa rhythm and blues. Jina lilipendeza zaidi, ila ukuta ulibaki palepale.

Miles Davis aliuona ukuta huo mapema. Albamu yake Miles Ahead ya mwaka 1957 ilitoka na mwanamke wa Kizungu ndani ya mashua ya matanga. Davis alilalamika, na katika matoleo ya baadaye picha yake ikachukua mahali pa yule bibi wa mashua. Mwaka 1961 alihakikisha kava la Someday My Prince Will Come linabeba sura ya mkewe, mcheza dansi Frances Taylor. Lakini Davis alikuwa Davis, mwanamuziki wa jazi mwenye jina. Vijana wa Detroit waliokuwa wakiimba barazani hawakuwa na ubavu huo.

Gordy naye alikuwa amekwisha kufundishwa na soko, tena kwa hasara. Katika miaka ya 1950 alifungua duka la santuri za jazi kwa kuwa yeye mwenyewe aliipenda jazi. Wateja wa mtaani wakawa wanaulizia bluzi. Akajitia kuwaelimisha, duka likafa. Akaenda kufanya kazi kiwandani, kwenye mstari wa kuunganisha magari, na mwaka 1959 akachukua mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa familia yake, akaanzisha kampuni ambayo safari hii ingemsikiliza mnunuzi kwanza. Nyimbo zilijaribiwa kwenye spika ndogo zinazofanana na za redio ya gari, kwa kuwa ndimo vijana walimokuwa wakizisikilizia. Katika vikao vya kuchagua wimbo wa kutoa, swali lake lilikuwa hili: ungekuwa na dola moja tu na njaa inakuuma, ungenunua santuri hii au sandwichi?

Anayeuliza hivyo hawezi kuliacha kava lijichagulie picha. Mwaka 1961 wasichana wa shule ya sekondari ya Inkster, nje kidogo ya Detroit, walirekodi Please Mr. Postman wakiitwa The Marvelettes. Albamu yao ilipotoka mwezi Novemba, kava lilikuwa na mchoro wa sanduku la barua lenye utando wa buibui. Ni mchoro mzuri, nakiri, wenye utani wake. Mwezi uliofuata wimbo ukafika nambari moja katika chati kuu ya Marekani, wa kwanza wa kampuni hiyo kufika huko. Nchi nzima iliwaimba wasichana ambao mwenye albamu yao mkononi hakujua wanafananaje.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Huko Marekani ya wakati ule kizuri kilitembezwa, tena kwa kujitanda ushungi. Wala haikuwa Motown peke yake: Otis Blue ya Otis Redding, iliyotoka Memphis mwaka 1965, ina msichana wa nywele za dhahabu mbele.

Mimi sioni haja ya kumwita Gordy msaliti. Alikuwa na njia ya pili aliyoiendesha sambamba, nayo ilikuwa kuutengeneza uso wenyewe hadi mwenye duka akose neno. Alimwajiri Maxine Powell, mwalimu wa adabu na mwendo, awafundishe wasanii kukaa, kutembea, kushuka kwenye gari, akiwaambia wajiandae kusimama mbele ya wafalme. Cholly Atkins aliwafunza miondoko ya jukwaani. Kauli mbiu ya kampuni ilijivunia kuwa sauti ya Marekani ya vijana, neno Weusi halimo. Mwezi Desemba 1964 Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard wa The Supremes waliingia sebuleni mwa Wamarekani kupitia kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, na baada ya hapo hakukuwa na maana ya kuwaficha wasanii nyuma ya mchoro. Hata hivyo lile kava la ufukweni la akina Isley lilikuja baada ya Supremes, si kabla. Hofu huchelewa kusikia habari.

Kufikia mwaka 1971 Motown ilikuwa na msanii aliyechoka kutengenezwa. Marvin Gaye alitaka kuimba vita vya Vietnam, umaskini na polisi, na Gordy alisita kwa kuhofia wanunuzi. Marvin akashinda. Jim Hendin alimpiga Marvin picha nyumbani kwa msanii huyo Detroit, manyunyu yakidondoka, naye Marvin amesimama na koti jeusi la mvua, kola imeinuliwa, matone yamelala kwenye nywele na ndevu. Hatabasamu wala hamtazami mnunuzi. Uso umejaa kava zima.

Ukilifungua kava hilo la What's Going On unakuta maneno ya nyimbo, na jambo ambalo Motown haikuwa na desturi nalo: majina ya wapiga vyombo, watu waliopiga katika nyimbo chungu nzima zilizotamba bila kutajwa popote. Miongoni mwao yumo mpiga gitaa la besi James Jamerson, na mbele ya jina lake wamemwekea sifa ya mtu asiye na kifani.