Mtobwa, Ben R.

Ben R. Mtobwa (1958–2008) alikuwa mwandishi wa riwaya pendwa, mwandishi wa habari na mchapishaji wa Tanzania. Alizaliwa Kigoma, akafanyia kazi zake nyingi Dar es Salaam. Anajulikana zaidi kwa mhusika wake Joram Kiango, mpelelezi asiye na mwajiri. Hapo ndipo Joram anapotofautiana na Willy Gamba, mhusika wa mwandishi Elvis Musiba, ambaye ni jasusi wa serikali. Joram, akiwa na mpenzi wake Nuru, hupambana na maadui wa taifa katika *Salamu kutoka Kuzimu* na *Tutarudi na Roho Zetu?*, vitabu vya kusoma kwa mkupuo mmoja. Mtobwa alianzisha Heko Publishers, hivyo hakulazimika kusubiri hisani ya wachapishaji wakubwa. *Dar es Salaam Usiku*, pengine kazi yake bora, inaacha upelelezi na kuingia katika maisha ya jiji baada ya giza; ilitafsiriwa kwa Kiingereza. Majina ya vitabu vya Joram yanatisha, lakini dunia yake haiteketei: Joram huwahi kuiokoa.