Fomu inayoficha sehemu: JavaScript ianze ukurasa ukifunguka

Wadau, hii ni kwa wanaojifunza kutengeneza tovuti pale kafe. Chukulia fomu ya wakulima wa kahawa huku Iyula: "Je, wewe ni mwanachama wa AMCOS?" Ukijibu Ndiyo, kisanduku cha namba ya uanachama kinatokea. Ukijibu Hapana, kinafichwa.

Wengi wetu tunaishia hapa:

chaguo.onchange = panga;

Hapo panga inafanya kazi pale tu mtu anapobadilisha jibu. Sasa mtu katuma, kakosea jina, fomu imemrudia na Ndiyo yake ileile. Hajabadilisha kitu, kwa hiyo kisanduku hakionekani, na dakika za kafe zinakwisha bure! Dawa ni mstari mmoja:

window.onload = panga;

Usiweke mabano mbele ya panga. Ukiweka itakimbia papo hapo, pengine kabla kivinjari hakijarudisha majibu ya mwanzo.

Ndani ya panga andika:

var ndiyo = chaguo.value == "ndiyo";
namba.style.display = ndiyo ? "" : "none";
namba.disabled = !ndiyo;

Mstari wa mwisho msiuruke. Kuficha siyo kufuta: kisanduku kilichofichwa bado kinatuma kilichomo, ila disabled inakizuia. chaguo na namba vishike kwanza kwa getElementById, skripti ikae chini kabisa ya ukurasa.

Jaribuni, mkikwama ulizeni hapo chini.