Nyungunyungu na Tuta la Mfipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ambao Chala ya wilaya ya Nkasi ni sehemu yake, tangu zamani ni nchi ya majani kuliko miti. Kwa hiyo Mfipa hakuweza, kama walivyofanya Wabemba walio kusini yake, kukata matawi, kuyachoma, na kulilisha shamba kwa jivu. Yeye alifuata njia nyingine, nayo kwa maoni yangu ni mojawapo ya hekima kubwa za kilimo katika Afrika ya Mashariki: mvua zikielekea kwisha, ilhali ardhi ingali mbichi, hushika jembe, akainua tabaka ya juu ya udongo pamoja na majani yake, akaipindua juu ya majani mengine, hata likasimama tuta la mviringo liitwalo intumba. Juu yake hupandwa maharage. Na mvua za msimu unaofuata zikianza, tuta huvunjwa, udongo wake hutandazwa, zikasiwa humo mbegu za ulezi.

Majani yaliyozikwa tumboni mwa tuta huliwa na kuvu, na mchwa, na nyungunyungu, ambaye humeza udongo pamoja na mabaki ya mimea, akavisaga katika firigisi yake, kisha akavitoa vikiwa vimeshikamana kwa chembechembe, na mahali alipopita pakabaki mfereji wa kupitisha maji na mizizi. Ngozi yake ndiyo pafu lake, nayo haina budi kuwa na unyevu. Basi kiangazi kirefu kikiwadia, wengi wa nyungunyungu wa nchi za namna hii huteremka chini, wakajikunja fundo ndani ya kijumba cha udongo, wakalala hata mvua irudi. Mkulima aliyejenga tuta kabla ya ardhi kukauka aliwaandalia chakula wangali na uwezo wa kukila.

Ilmu ya vitabuni ilikuja kwa njia ndefu. Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha huko Uingereza kitabu chake cha mwisho, juu ya nyungunyungu na udongo wanaoutengeneza. Na mwaka 1888 Franz Stuhlmann, Mjerumani, akawasili Zanzibar, akaanza kukusanya viumbe vya visiwani na vya bara. Nyungunyungu wake walimfikia Wilhelm Michaelsen katika makumbusho ya Hamburg, ambaye mwaka 1890 aliipa jenasi moja jina la Stuhlmannia, kisha akatumia umri wake kuwapambanua nyungunyungu wa Afrika, hasa ukoo wa Eudrilidae, ambao asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara wala si pengine. Kazi yake naistahi sana. Lakini kiumbe aliyehifadhiwa chupani huonyesha viungo vyake tu, wala hasemi alikula nini, alilala wapi wakati wa kiangazi, na shamba lilipata faida gani kwake.

Miongoni mwa waliomwendea nyungunyungu mahali anapoishi ni L. C. Beadle wa Makerere, ambaye mwaka 1957 alieleza habari za nyungunyungu aitwaye Alma emini, ambaye hukaa katika tope la mabwawa ya mafunjo lisilo na oksijeni: huuchomoza mkia wake juu, akazikunja kingo zake ukawa mfano wa pafu, akavuta hewa, huku kichwa kikiendelea kula chini.

Mwaka 1996 kitabu kilichochapishwa London juu ya uhifadhi wa udongo wa Afrika kilitoa sura nzima kwa matuta ya Wafipa. Wakati huo Rukwa ilikuwa imekwisha kuhesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la mahindi la taifa, na plau ya ng'ombe na mbolea ya dukani zilikuwa zimeenea katika mashamba mengi. Siku hizi husifiwa mnyoo mwekundu, Eisenia fetida, aliyetoka Ulaya, afugwaye ili atengeneze mboji. Sina ugomvi naye, ila makao yake ni samadi na takataka zinazooza, na akimwagwa katika shamba la wazi aghalabu hadumu. Shamba la Chala lataka wenyeji wake, na wenyeji hao hawanunuliwi: huachiwa majani yasichomwe, na hujengewa tuta mwezi wa Machi, kabla ardhi haijakauka.