Vivumishi vya Kukisia katika Kiingereza na Habari za Dhahabu ya Bulyanhulu

Katika sarufi ya Kiingereza kipo kikundi cha vivumishi ambavyo kwa umbo havitofautiani na vinginevyo, lakini kwa kazi yake viko mbali navyo. Mtu akisema "tall thief", yaani mwizi mrefu, amemtaja mtu ambaye ni mwizi na tena ni mrefu. Akisema "alleged thief", hakumtaja mwizi. Amemtaja mtu anayedaiwa kuwa mwizi, ambaye huenda hakuiba hata sindano. Kivumishi cha namna hii hakiongezi sifa juu ya nomino, bali huitia nomino yenyewe katika shaka. Wa jamaa hiyo ni "possible", "probable", "likely" na "potential". Hans Kamp, katika makala yake ya mwaka 1975 juu ya nadharia za vivumishi, alitenga vivumishi vinavyoihifadhi maana ya nomino na vile visivyoihifadhi.

Kiswahili karibu hakina jamaa hiyo. Vivumishi vyake vya asili ni vichache, navyo hutaja umbo, ukubwa, rangi na tabia ya kitu. Hukumu ya kukisia huchukuliwa na kitenzi: kwa viambishi -ki-, -nge- na -ngali-, au kwa maneno yaliyotoka katika vitenzi, kama "huenda", ambalo asili yake ni kwenda, na "yamkini", ambalo katika Kiarabu lilikuwa kitenzi. Hata maneno "mtuhumiwa" na "mtarajiwa" ni mazao ya vitenzi vya kutendwa. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ni ya wanasarufi tu. Historia ya dhahabu ya Bulyanhulu yaonyesha kuwa sivyo, kwa kuwa huko watu wameshindana juu ya mali, kodi na hata roho za watu, na katika kila shindano liko neno la kukisia.

Yafaa kuanza na lugha ya migodi yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye migodi wa Kiingereza walizoea kutaja mawe ya dhahabu "yaliyo machoni", ingawa mengi yalikuwa bado chini ya ardhi, hayajaonwa na mtu. Mwaka 1909 Herbert Hoover, mhandisi wa migodi ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, alipendekeza katika kitabu chake cha kanuni za uchimbaji kwamba msemo huo uachwe, na mahali pake vitumike vivumishi vitatu: "proved", "probable" na "prospective". Viwili vya kwanza vimetoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini, "probare", maana yake kujaribu na kuthibitisha. Hivyo kilichothibitishwa na kinachokisiwa ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili nacho kina jambo la namna hiyo: "hapana budi" na "labda" zina shina moja la Kiarabu, lakini la kwanza hulazimisha na la pili huacha mlango wazi.

Ngazi hizo ziliendelea kugawanywa. Leo mashapo hutajwa kwanza kuwa "inferred", kisha "indicated", kisha "measured". Na sehemu iliyoonekana kuwa yaweza kuchimbwa kwa faida huitwa "probable" au "proven". Maneno matatu ya kwanza yalikuwa vitenzi: kukisia, kuonyesha, kupima. Yalipogeuzwa kuwa vivumishi, mtendaji alianguka njiani. Aliyekisia hatajwi tena, na ukisiaji wake husomwa kama sifa ya jiwe. Hatari yake ilionekana mwaka 1997, wakati dhahabu nyingi iliyotangazwa na kampuni ya Bre-X kuwako Busang, Indonesia, ilipogunduliwa kuwa haipo. Kanada ikaweka kanuni mpya, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zenye kudai kwamba makadirio yatayarishwe na mtaalamu mwenye sifa, ambaye jina lake hutajwa. Kwa maneno mengine, sheria ilimrudisha mtendaji aliyefutwa na sarufi.

Bulyanhulu, katika upande wa Kahama wa Mkoa wa Shinyanga, kusini ya Geita, iliingia katika lugha hiyo kwa njia ya makampuni ya Kanada. Sutton Resources ya Vancouver ilipata leseni mwaka 1994. Barrick ya Toronto iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mgodi wa chini ya ardhi ukafunguliwa mwaka 2001. Lakini kabla ya hapo walikuwako wachimbaji wadogo kwa maelfu, nao walikuwa na lugha yao ya kukisia. Katika machimbo ya kanda hiyo mtu huchimba duara, na duara lenye kuleta dhahabu husemwa kuwa "limetema". Mfanyakazi hufanya kazi siku nyingi bila ujira kwa ahadi ya fungu lake duara likitema. Lisipotema, hasara ni yake. Kiambishi -ki- hapa ni mkataba kamili, na wanaobeba shaka wanajulikana kwa majina.

Wachimbaji hao waliondolewa Bulyanhulu mwezi wa Agosti 1996. Ikadaiwa kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai ndani ya maduara. Serikali na kampuni zilikanusha. Wanasheria wa mazingira wa LEAT walidai uchunguzi huru. Na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia ilieleza kuwa haikuona msingi wa madai hayo. Kwa Kiingereza habari yote yaweza kufungwa katika maneno mawili, "alleged killings". Kwa Kiswahili husemwa "mauaji yanayodaiwa". Ni kweli kwamba kutendwa nako huficha mtendaji, na neno "inasemekana" limewakinga waandishi wengi. Lakini kitenzi cha kutendwa huacha nafasi ya kuuliza na kujibu: yanadaiwa na nani, yanakanushwa na nani? Kivumishi cha Kiingereza kikitangulia nomino yake, hakina nafasi hiyo.

Mwaka 2017 mambo yaligeuka. Mwezi wa Machi Serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini, na neno "makinikia" likaenea nchini kote. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipima sampuli na kukadiria kuwa makontena 277 yalikuwa na takriban tani 7.8 za dhahabu. Kampuni ikashikilia kiasi kidogo zaidi. Kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ilichunguza upande wa uchumi na sheria. Mwezi wa Julai yakatolewa madai ya kodi, pamoja na adhabu na riba, ya dola bilioni 190 za Marekani. Madai hayo yalijengwa juu ya -ngali-: kodi ambayo ingalilipwa kama mali ingalitajwa kwa kiasi kilichokadiriwa. Mapatano yaliyotangazwa mwaka 2019 yaliweka malipo ya dola milioni 300, na yakazaa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16. Basi makisio ya upande wa Serikali nayo yalikuwa makisio, na umbali kati ya bilioni 190 na milioni 300 ni kipimo cha jinsi sharti lisemwavyo upesi na kuthibitishwa kwa taabu.

Kutokana na hayo, mfasiri wa taarifa za migodi asiridhike kutafuta kivumishi kimoja cha Kiswahili kwa kila kivumishi cha Kiingereza. Akiandika "akiba" peke yake, msomaji wa Kahama atafahamu mali iliyokwisha wekwa ghalani, na sharti lote litakuwa limepotea. Aandike "mashapo yaliyokisiwa", "yaliyopimwa", "yanayodhaniwa yatachimbika kwa faida", kisha ataje ni nani aliyekisia, mwaka gani, na kwa bei gani ya dhahabu, kwa maana bei ikishuka, jiwe lililokuwa akiba jana si akiba leo. Sentensi itarefuka, wala hilo si kosa. Mwanakijiji anayeulizwa kama anakubali kuhama ana haki ya kujua kama mali inayotajwa ni ile iliyoonwa au ile iliyokisiwa.