Simu ya Intaneti na Ulimi wa Askari



Katika Vita Kuu ya Pili, viongozi wa Marekani na Uingereza walizungumza kwa simu ya redio iliyovuka Bahari ya Atlantiki. Maneno yao yalivurugwa makusudi ili adui asiyaelewe; hata hivyo mafundi wa posta ya Ujerumani waliyanasa na kuyafumbua. Ndipo tarehe 15 Julai 1943 ulipofunguliwa, kati ya Washington na London, mtambo mpya ulioitwa SIGSALY, wenye uzito wa tani 50 hivi, uliogeuza sauti ya mtu kuwa tarakimu. Huo ni mzizi mmoja wa simu ya intaneti tunayoitumia leo hapa Bujumbura.

Mzizi wa pili nao ni wa kijeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Paul Baran alitafuta mawasiliano yasiyokatika hata kama vituo vingi vingeangamizwa kwa mabomu ya nyuklia. Shauri lake lilikuwa kwamba ujumbe ukatwe vipande, na kila kipande kijitafutie njia. Mwaka 1974, watafiti waliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani walipitisha sauti kwa namna hiyo kati ya California na Massachusetts. Raia walianza kuuziwa programu za kazi hiyo mwaka 1995.

Je, sauti husafirije? Simu ya zamani ilishika njia moja kwa ajili ya watu wawili tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho. Simu ya intaneti hupima sauti mara 8,000 au zaidi kwa sekunde, huandika vipimo hivyo kwa tarakimu, kisha huvifunga katika vifurushi vidogo, mara nyingi 50 kwa sekunde. Kila kifurushi hubeba anwani na namba ya zamu yake. Huko kiendako hupangwa upya. Kinachochelewa hutupwa, kwani mazungumzo hayangoji.

Burundi haina bahari. Kwa miaka mingi intaneti yetu ilitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Kupanda na kushuka tu kulikula robo ya sekunde, na wazungumzaji wakawa wanakatizana maneno. Nyaya za baharini SEACOM, mwaka 2009, na EASSy, mwaka 2010, zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, na nyaya za nchi kavu zikatuunganisha nazo kupitia nchi jirani, ucheleweshaji huo ukapungua sana.

Hii ni neema kwa askari aliye mbali na jamaa zake, kama walivyokuwa wenzetu waliotumwa Somalia kuanzia Desemba 2007. Lakini yafaa tukumbuke somo la 1943. Programu nyingi za leo hufunga maneno kwa fumbo ambalo ufunguo wake uko katika simu mbili tu. Fumbo hilo halifichi nani kampigia nani, wala saa ngapi. Halimzuii aliyesimama nyuma yako kusikia. Wala halimfungi mdomo uliyemwambia mahali kikosi kitakapolala.

Mtambo hulinda njia. Siri hulindwa na askari mwenyewe. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao.