Jina la wimbo na herufi yake kubwa

Nyimbo nyingi za kanisa hazikuzaliwa na majina. Katika ibada ya Kilatini wimbo ulitambulika kwa maneno yake ya mwanzo, na ndivyo tunavyosema hadi leo Te Deum. Jina la namna hiyo ni kipande cha sentensi, nalo huandikwa kama sentensi.

Waingereza walishika njia nyingine. Isaac Watts alipotoa Hymns and Spiritual Songs mwaka 1707, aliweka juu ya nyimbo zake vichwa vya kueleza fundisho la kila wimbo. Wachapaji wa London wakati huo walizoea kuanza nomino kwa herufi kubwa, kama Wajerumani wanavyofanya mpaka sasa. Kwa hiyo herufi kubwa kwenye neno kama "msalaba" haikuwa lazima iwe ya heshima. Ilikuwa mazoea ya kiwanda. Kufikia mwisho wa karne ya 18 mtindo huo ulikuwa umefifia.

Tazama Amazing Grace. Katika Olney Hymns ya mwaka 1779 wimbo huo wa John Newton ni wa 41 katika kitabu cha kwanza, umefungamanishwa na 1 Mambo ya Nyakati 17, na kichwa chake ni Faith's Review and Expectation. Maneno tunayoyaita jina yalikuwa mwanzo wa ubeti tu. Yalipopandishwa kuwa jina, neno la neema nalo likavikwa herufi kubwa.

Wamarekani ndio waliokoleza desturi hiyo. Ira Sankey na Philip Bliss walipochapisha Gospel Hymns mwaka 1875, nyimbo nyingi za mikutano ya injili zilikuwa na majina yake zenyewe, mara nyingi yakichotwa kwenye kiitikio. Tuni nazo zina kanuni yake: vitabu vingi huandika OLD HUNDREDTH kwa herufi kubwa tupu, maana tuni moja huimbiwa maneno tofauti, na msomaji asichanganye sauti na shairi.

Kwetu, nyimbo nyingi za Tenzi za Rohoni zimetafsiriwa kutoka hazina hiyo ya Kiingereza, na mazoea ya kukuza kila neno la jina, yaani kulianza kwa herufi kubwa, yamezifuata. Naona hapo tumejitwisha mzigo usio wetu. Wimbo wa Kiswahili aghalabu huitwa kwa mstari wake wa kwanza, wenye kitenzi na viunganishi vyake. Ukikuza kila neno unaivunja sentensi vipandevipande. Tena waandishi wengi wa Kiingereza hukuza kiwakilishi cha Mungu, desturi ambayo hata Biblia ya King James ya 1611 haikuwa nayo. Sisi kiwakilishi hicho tumekimeza ndani ya kitenzi: katika "alinifia", mtendaji ni ile "a" ya mwanzo, na hakuna atakayeikuza katikati ya mstari. Heshima yetu hukaa kwenye Bwana, Mwokozi na Mwana-Kondoo. Mhariri wa faharasa ya nyimbo akiyakuza maneno hayo, pamoja na neno la kwanza na majina ya pekee, amemaliza kazi.