Mzungu wa Kutembea Naye

Kuna beshte yangu mtaani ambaye mwaka jana, kwa wiki mbili, hakuwa anatembea peke yake. Alikuwa ameanza kuuliza nani anamwaga taka mtoni, kisha gari halina namba likaanza kuegesha nje ya ploti yao. Tukapanga zamu za kumsindikiza. Mimi nilichukua za usiku, maanake tangu niache chuo sina darasa la asubuhi. Na kila usiku nilijiuliza: hawa watu wakishuka kwa gari, mimi nitafanya nini kwani?

Hilo swali liliwahi kuulizwa Guatemala, na likajibiwa.

Vita vya huko vilidumu miaka 36. Zaidi ya watu 200,000 waliuawa au wakapotezwa, wengi wao Wamaya, na wengi mikononi mwa serikali yao wenyewe. Februari 1984 polisi walimteka Fernando García, mwanafunzi na mtu wa chama cha wafanyakazi. Mkewe, Nineth Montenegro, alimtafuta kila mahali. Huko kwa mochari akakutana na wanawake wengine wanaotafuta waume na watoto. Wakaanzisha kikundi, GAM.

Mwaka uliofuata, Machi 30, Héctor Gómez wa GAM akauawa. Siku tano baadaye Rosario Godoy akapatikana amekufa ndani ya gari, pamoja na ndugu yake na mtoto wake mdogo. Serikali ikasema ni ajali. Ajali, bana.

Hapo ndipo waliingia watu wa Peace Brigades International, kikundi kilichoanzishwa Kanada mwaka 1981. Watu wa kujitolea tu, wengi wao vijana kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Walianza kukaa na viongozi wa GAM saa 24: nyumbani, sokoni, kwa basi. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na pasipoti, kamera na namba za simu za ubalozi. Mjanja aliyetumwa kuua alijua kwamba akigusa huyo mgeni, kesho kuna simu kutoka nchi inayotoa msaada, na mkubwa wake atataka kujua nani amemletea hiyo shida.

Na ilifanya kazi. Nineth hakuuawa. GAM haikufa.

Lakini ukiiangalia vizuri, hii mbinu inauma. Inafanya kazi kwa sababu muuaji anaamini damu ya mgeni ni ghali na ya Mguatemala ni bure. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwakasirikia hao wazungu, kusema ukweli. Baadaye nikaona hasira yangu imekosa mlango. Si wao walioweka hiyo bei. Waliikuta, wakaamua kuitumia kumlinda mama wa watu. Na haikuwa ngao ya chuma pia: Desemba 1989 watatu kati yao walidungwa visu barabarani, Guatemala City. Walipona, na kazi ikaendelea.

Kitu kingine, hawakuwa wanaongoza. Nineth ndiye aliyeamua aende wapi na aseme nini. Mgeni alibeba mkoba wake akafuata nyuma. Tangu 2013 PBI wako hata hapa Nairobi, wakifanya kazi na watetezi wa mitaa kama Mathare.

Beshte yangu hakuwa na mtu kama huyo. Alikuwa na sisi, na simu zetu zenye bando la ishirini bob. Gari liliacha kuja, na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Nineth alichaguliwa mbunge 1995. Mwaka 2005 nyaraka za polisi zilipatikana zikiwa zimerundikwa kwenye jengo bovu mjini, na ndani yake mlikuwa na majina ya waliotumwa kumteka Fernando. Mwaka 2010 wawili wao walifungwa miaka 40 kila mmoja. Mwili wake ulikuwa bado haujapatikana.